Jina la Msalaba katika Kibaski na Kisimbri

Kibaski, lugha ya pande mbili za milima ya Pirenei ambayo haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote iliyo hai, na Kisimbri, tawi la Kijerumani lililopelekwa na wahamiaji wa Bavaria hadi milima ya kaskazini-mashariki mwa Italia katika Enzi za Kati, hazina asili moja. Hata hivyo zinakutana katika jina la msalaba, kwani gurutze la Wabaski na kraütz la Wasimbri wa Luserna yote yametoka katika neno la Kilatini crucem.

Kilatini cha kale kilitamka herufi c kama k, na maneno yaliyokopwa mapema yameihifadhi sauti hiyo: Kibaski kina bake, yaani amani, kutoka pacem, na gela, yaani chumba, kutoka cellam, nacho Kijerumani kina Keller, yaani ghala iliyo chini ya nyumba. Gurutze na kraütz yana sauti ts mahali pa k hiyo, dalili kwamba yaliingia baadaye, matamshi ya Kilatini yalipokuwa yamekwisha kulainika na dini mpya ilipokuwa ikienea kwa lugha hiyo.

Hapo ndipo linapozuka swali zito zaidi, yaani kama neno la mkopo huifikisha imani au huisitiri. Kwa Mrumi, crux ilikuwa chombo cha kuwaulia watumwa na waasi kwa fedheha, na Wulfila, alipoifasiri Biblia kwa Kigothi katika karne ya 4, hakulikopa neno hilo bali alitumia galga, neno la jamii ya Kijerumani lenye maana ya mti wa kunyongea, hata msikilizaji wake asiweze kuukwepa ukatili wa tukio. Kwa waliolipokea neno la Kilatini kutoka kanisani, msalaba ulikuwa kitu cha kuheshimiwa kabla ya kuwa kitu cha kutisha, na hasara hiyo haistahili kupuuzwa na wale wanaousifu ugeni wa neno kwa sababu ya utakatifu wake. Kiswahili kiliepuka sehemu ya hasara hiyo, kwa kuwa msalaba na kusulubu ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu. Wabaski nao walipata njia yao: kitenzi gurutziltzatu, yaani kusulubu, kinaunganisha gurutze na iltzatu, yaani kupigilia misumari, kiasi kwamba asemaye habari ya Ijumaa Kuu kwa Kibaski hulazimika kuitaja misumari yenyewe.