Hukumu ya Mtu juu ya Kazi Yake

Kuhukumu kazi ya mwingine ni jambo zito, lakini kuhukumu kazi yako mwenyewe ni zito zaidi, kwa kuwa katika baraza hilo mshitaki, mshitakiwa, shahidi na hakimu ni mtu mmoja. Wahenga walisema kuwa mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Si lazima mwamba ngoma awe mwizi. Mkono wake huelekea upande wake hata pale moyo wake unapotaka haki. Basi swali ni hili: je, mtu aweza kuitolea kazi yake hukumu ya kweli, na hasa pale ambapo hukumu hiyo ina malipo?

Swali hili huonekana wazi katika vyuo vya sanaa vya Uingereza, ambako vijana husomea uchoraji wa picha za vitabu na magazeti. Masomo yao hugawanywa katika sehemu ziitwazo moduli. Katika moduli moja mwanafunzi aweza kupewa hadithi, akatakiwa aisome, achore michoro ya awali katika daftari, achague mahali panapostahili picha, na akabidhi kazi iliyokamilika kwa siku iliyowekwa. Lakini mambo hayaishii hapo. Aghalabu hutakiwa pia aandike juu ya mwenendo wake: nini kilifaulu, nini kilishindwa, na angefanya nini kama angeanza upya. Maandishi hayo nayo hutiwa alama.

Nia ya walimu ni njema. Mchoraji asiyeweza kuliona kosa lake atamtegemea mwalimu siku zote, na mwalimu hatamfuata mpaka kwenye meza yake ya kazi. Walakini mlango huu wa heri una kizingiti cha kujikwaa. Mwanafunzi wa kwanza hujisifu, akahesabu saa alizokesha kana kwamba usingizi uliopotea ni rangi iliyoongezwa katika picha. Wa pili hujilaumu, akajishusha mpaka msomaji akamwonea huruma. Wa tatu ni mwerevu kuliko wenzake: ametambua kuwa unyenyekevu una bei. Huchagua kosa dogo lisiloumiza, huliungama kwa maneno mazuri, kisha huonyesha jinsi alivyofunzwa nalo. Huandika kuwa angalipaswa kuupanga wakati wake vizuri zaidi. Maneno hayo ni kweli kwa kila mwanadamu, na kwa sababu hiyo hayasemi lolote juu ya mtu yeyote.

Kosa la wote watatu ni moja: wameulizwa habari za kazi, wakajibu habari za nafsi. Majivuno husema, tazama jinsi nilivyo hodari. Majuto yaliyopita kiasi husema, tazama jinsi ninavyoteseka. Ungamo la hila husema, tazama jinsi nilivyo mnyofu. Katika yote matatu picha imesahauliwa mezani, na mchoraji amejichora mwenyewe.

Leonardo da Vinci, aliyezaliwa mwaka 1452 na kufa mwaka 1519, aliwausia wachoraji waitazame kazi yao katika kioo. Humo upande wa kulia huwa wa kushoto, na picha iliyozoeleka huonekana kana kwamba imechorwa na mkono wa mwingine. Hapo kosa lililojificha hutokeza. Usia huu una hekima kubwa. Kioo, ambacho watu hukitumia kujitazama, yeye alikitumia kumtenga mtu na kazi yake. Huo ndio mwanzo wa hukumu ya haki.

Lakini mwanzo si mwisho. Mwaka 1515 kifaru aliyetoka India alifikishwa Lisbon. Albrecht Dürer, aliyekuwa akiishi Nuremberg, hakumwona mnyama huyo. Alipata maelezo ya maandishi na mchoro wa mtu mwingine, akatengeneza picha iliyochongwa katika ubao na kupigwa chapa. Mistari yake ni ya fundi mkubwa. Hata hivyo, mnyama amevikwa ngozi mfano wa deraya ya chuma, na juu ya mabega ana pembe ndogo ambayo hakuna kifaru aliyejaliwa kuwa nayo mahali hapo. Picha hiyo iliigwa na kuaminiwa Ulaya kwa zaidi ya miaka 200. Kama Dürer angaliulizwa juu ya kazi yake, angaliweza kujibu kwa moyo safi kuwa alijitahidi. Jibu lingalikuwa la kweli, na pembe ingalibaki palepale. Unyofu wa moyo hauondoi kosa la mkono. Kilichohitajika hapo hakikuwa kujichunguza zaidi, kilihitajika kifaru.

Kwa hivi mwanafunzi anayetaka kujihukumu kwa haki hana budi kuita mashahidi walio nje ya nafsi yake. Shahidi wa kwanza ni kitu kilichochorwa: je, farasi hukunja goti hivi? Wa pili ni hadithi: ikiwa mvua inanyesha katika maneno, mbona nguo za mtoto ni kavu katika picha? Wa tatu ni msomaji: mtoto asiyejua kusoma, akionyeshwa ukurasa, aweza kutambua nani anakimbia na nani anamfukuza? Mashahidi hawa hawana chuki wala upendeleo, na ushahidi wao hauhitaji machozi.

Hata hivyo, yuko shahidi wa nne ambaye hakuna awezaye kumwita isipokuwa mwenye kazi. Mwalimu huona mtu aliyechorwa mikono yake imo mifukoni, akapendezwa na utulivu wake. Mwanafunzi peke yake ndiye ajuaye kuwa mikono ilifichwa kwa sababu kuichora kulimshinda. Mwalimu huona nyasi ndefu. Mwanafunzi ajua kuwa chini ya nyasi hakuna miguu. Kosa la namna hii halimo katika karatasi, na nyani haoni kundule ila akitaka kugeuka. Hapa ndipo hukumu ya mtu juu ya kazi yake inapokuwa na thamani isiyoweza kupatikana kwingine. Kama mwanafunzi haisemi, haitasemwa kamwe.

Lakini kuisema kuna gharama. Mwaka 1865 nakala 2,000 za kitabu cha Lewis Carroll juu ya safari za Alice zilikuwa zimekwisha kupigwa chapa, John Tenniel, mchoraji wa picha zake, aliposema kuwa picha zimechapwa vibaya. Carroll alikubali, kitabu kikaondolewa na kupigwa chapa upya. Neno la Tenniel halikuwa ungamo wala majivuno. Lilikuwa neno juu ya wino na karatasi, nalo liligharimu fedha na muda. Hukumu ya kweli aghalabu hudai kitu. Hukumu ya hila hulipwa.

Je, basi, alama ziondolewe? Si lazima. Shahidi aliyelipiwa nauli aweza kusema kweli. Linalotakiwa ni kipimo, nacho ni chepesi kukieleza na kigumu kukitimiza: mwanafunzi na ajiulize kama katika maandishi yake mna neno hata moja liwezalo kumpunguzia alama, na ambalo ameliandika kwa kuwa ni kweli. Walimu nao wana wajibu wao. Wakituza huzuni, watavuna huzuni. Wakituza usahihi, watavuna macho.

Katika mwaka 1834 Hokusai wa Japani, aliyekwisha kupita umri wa miaka 70, aliandika mwishoni mwa kitabu cha picha zake za mlima Fuji kuwa yote aliyoyachora kabla ya umri huo hayakustahili kutajwa, na kuwa ndipo alipoanza kidogo kuelewa maumbile ya wanyama, ndege, wadudu na samaki. Akatumaini kuwa akifika miaka 110 kila nukta yake itakuwa hai. Hakufika, alikufa mwaka 1849. Lakini hakujisikitikia wala hakuomba sifa: alijipima kwa ndege na samaki. Moduli huisha kwa alama, na alama husahauliwa. Jicho lililozoezwa kuiona kazi kama ilivyo hubaki na mwenye nalo.