Nchi ya Raha Iliyo Mbali

Wagiriki wa kale walisimulia ya kuwa kwenye miisho ya dunia iko nchi isiyo na theluji wala tufani, ambako maisha ni mepesi kwa wanadamu. Mshairi Homer aliiita Uwanda wa Elysium. Hesiod alitaja Visiwa vya Wenye Heri, ambako ardhi huzaa matunda matamu mara tatu kwa mwaka. Pindar alisifu taifa likaalo ng'ambo ya upepo wa kaskazini, lisilojua ugonjwa wala uzee; lakini alionya kwamba njia ya kufika kwao haipatikani kwa merikebu wala kwa miguu.

Je, ni nani aliyestahili kuingia katika raha hiyo? Kwa Homer, mfalme Menelaus aliahidiwa Elysium kwa kuwa mkewe Helen alikuwa binti wa Zeus, wala si kwa wema wake. Hiyo ni raha ya upendeleo. Lakini mwaka 476 K.K. Pindar aliimba ya kuwa watakaofika kisiwani ni wale waliojilinda na kila udhalimu. Hapo hadithi ilipata uzito, kwa sababu ilianza kumwuliza msikilizaji habari za matendo yake.

Hata hivyo, hamu ya nchi ya mbali ina hatari. Plutarch asimulia habari za Sertorius, jemadari wa Roma, ambaye yapata mwaka 80 K.K. alisikia mabaharia wakisifu visiwa vya Atlantiki. Moyo wake uliochoshwa na vita ulitamani kukaa huko. Lakini maharamia waliofuatana naye walitaka ngawira, si amani, naye hakwenda. Mwaka 1891 mchoraji Paul Gauguin alisafiri kweli toka Ufaransa hata Tahiti, akiwaacha Ulaya mkewe na watoto watano. Alikuta nini huko? Koloni la Ufaransa, lenye gavana na maofisa wa serikali ile ile.

Siku hizi matangazo ya safari huuza picha hiyo hiyo: mchanga mweupe, minazi, na watu wasio na kazi. Aliyechoka hana kosa akitamani kupumzika. Kosa huanza anapodhani ya kuwa mahali papya patamfanya mtu mpya, na kwamba aliowaacha nyuma hawamdai kitu. Wahenga walinena: Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Basi tufanyeje na hadithi hizi? Hesiod mwenyewe atoa jibu. Katika utenzi ule ule uliotaja Visiwa vya Wenye Heri, alimwonya ndugu yake Perses, aliyewahonga wakubwa ili apate zaidi ya fungu lake la urithi. Hakumwambia atafute visiwa, alimwambia alime. Tena aliongeza neno hili: mji ambao waamuzi wake huhukumu kwa haki hustawi, mashamba yake huzaa tele, na watu wake hawana haja ya kupanda merikebu.