Pikipiki na Amana ya Abiria

Je, mwenye pikipiki anayo haki ya kuigeuza apendavyo? Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu, fundi huchomelea keria ndefu nyuma ya kiti ili mzigo wa pamba upate mahali. Faida yake yaonekana papo hapo. Hasara imejificha: uzito ukivuka mhimili wa gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hupoteza utii. Dereva hulihisi jambo hilo mikononi. Abiria hana habari, wala hapewi nafasi ya kukagua mnyororo uliolika kwa vumbi. Akipanda, ameweka maisha yake amana. Kwa hiyo naona haki ya kugeuza yakoma hapo, isipokuwa abiria ameambiwa kweli. Yasemwa kwamba akiambiwa atapanda ya jirani. Yamkini; lakini nauli ambayo dereva hajalipwa bado si mali yake.