Rivali ni Jirani wa Mfereji Mmoja

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Ndugu Waislamu, watoto wetu wa sekondari wanaofunzwa Kiingereza wanakutana na neno «rival». Sisi tulilijua zamani toka Kifaransa, na mama zetu wanalijua zaidi, ndiye mke mwenza. Wengi wetu tunalitafsiri «adui». Hapo tunakosea. Adui kwa Kiingereza ana neno lake, «enemy», yule anayekutakia shari. «Rival» ni yule anayetaka kitu kile kile unachokitaka wewe: cheo, wanunuzi sokoni, mchumba.

Asili yake ni Kilatini, «rivus», maana yake kijito. Wanasheria wa Roma waliwaita hivyo watu wanaovuta maji ya mashamba kwa mfereji mmoja. Yaani kwanza ni majirani, ugomvi unakuja maji yakipunguka. Waarabu humwita mke mwenza «dharra», neno la ukoo mmoja na madhara. Kiswahili chetu kina upole zaidi: mwenza.

Sasa sikilizeni. Kule Madina, Zubeir bin Awwam (r.a.) na mtu mmoja wa Ansari waligombania maji ya mfereji wa Harra, waliyonyweshea mitende. Shamba la Zubeir lilikuwa juu. Wakafika mbele ya Mtume (s.a.w.), naye akamwamuru Zubeir anyweshe, kisha ayaachie maji yaende kwa jirani yake. Angalieni, alimwita jirani! Lakini yule mtu akakasirika, akasema ni kwa sababu Zubeir ni mtoto wa shangazi yako. Uso wa Mtume ukageuka. Akampa Zubeir haki yake kamili, azuie maji mpaka yafike kwenye kingo. Wameipokea Bukhari na Muslim. Hukumu ya kwanza ilikuwa ya huruma kwa yule wa chini, yeye mwenyewe akaipoteza kwa ulimi wake.

Na sisi je? Bombani tunasukumana na mabidoni. Humu msikitini, kundi hili na kundi lile wanataka uongozi, na kutaka uongozi si vita. Lakini tumeshaitana maadui, salamu hazijibiwi, mtu anahama safu asisimame bega kwa bega na mwenzake. Na wote leo tumetawadha kwa pipa moja.

Nasema haya, na namuomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu.