Mtatupa Ngapi?

Swali hili limewaudhi watu wengi hapa wilayani Palma, na wengi walioudhika ni watu wema. Katapila la kuchimbia, lile lenye mkono mrefu, limezama bwawani. Vijana wamesimama ukingoni, tope limewaganda mpaka mapajani, na mmoja wao anauliza: mtatupa ngapi? Msimamizi wa mradi anashika kiuno. Bwawa ni lenu, anasema. Mpunga utakaopata maji ni wenu. Mnataka mlipwe kwa kujisaidia wenyewe?

Nilikuwepo. Tangu siku ile nimelisikia jambo hili kwenye foleni ya mgao, kwenye baraza za jioni, mpaka kwenye ofisi zenye feni. Watu wa misaada wanasema tumeharibiwa na posho. Wazee wetu nao wanasema hivyohivyo, kwamba zamani mtu aliitwa tu akaja. Mimi naona swali lilikuwa halali. Kuna dakika chache ambazo lingekuwa haramu, na katika dakika hizo, kama nitakavyoeleza, hakuna aliyeliuliza.

Kwanza tope lenyewe, maana wengi wanaohukumu hawajawahi kulikanyaga. Bwawa lile halikujaa kwa uvivu wa mtu. Baada ya shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021 watu walikimbia, na bwawa lisilozolewa hujaa kila mvua ikishuka na udongo wa mashamba ya juu. Waliporudi wakakuta juu pamekauka na kupasukapasuka, chini uji. Mashine ya tani ishirini na kitu inakwenda hatua tatu vizuri, ya nne inakaa. Opareta akikanyaga mafuta, minyororo inazunguka na kujichimbia kaburi. Tope hunyonya, chini ya chuma hewa haipiti, kwa hiyo nguvu ya injini inazidisha kuzama tu. Kinachofaa ni kuacha kwanza. Unakata mfereji maji yatoke, unachimba pembeni kwa koleo ili hewa iingie, unatandika makuti na matagaa, unalaza magogo mbele ya minyororo. Kisha opareta anakandamiza ndoo ya mashine chini, mkono unainua kichwa cha mashine kidogo, gogo linasukumwa mahali pake. Halafu upande wa pili. Halafu tena. Na kama kuna gari linavuta kwa waya, kila mtu akae mbali, kwani waya wa chuma ukikatika unaua. Ni kazi ya saa nyingi, na ni kazi ya mikono. Mashine iliyoletwa ili watu wasichimbe, siku ile iliwahitaji watu wachimbe.

Kwetu pwani tuna neno kupwelewa, chombo kikiachwa mchangani maji yakitoka. Hapo mtu hana haraka, anangoja maji yajae. Katapila bwawani halina bahati hiyo. Maji yakijaa ndiyo hatari yenyewe.

Na hatari ilikuja. Mchana mashine ililala upande, mlango ukawa chini, na opareta, kijana mgeni kutoka Nampula, alikuwa ndani. Hapo ndipo vijana wale walipoingia. Hawakuitwa, hawakuuliza kitu. Walikwenda mpaka mapajani, wakavunja dirisha, wakamtoa. Ndiyo maana walikuwa na tope. Alipokwisha kukaa ukingoni, anatetemeka, amepewa maji, ndipo mmoja akageuka akatazama lile chuma akasema maneno yaliyowaudhi watu. Wengi wanaosimulia kisa hiki huanzia hapo, wala hawaelezi lile tope la mapajani lilitoka wapi.

Kwa hiyo vitu vilivyokwama vilikuwa zaidi ya kimoja, na kila kimoja kina haki yake. Mtu haulizwi bei. Hili sina haja ya kulitetea, vijana wenyewe walilitetea kwa miguu yao.

Chuma kina mwenyewe. Kimekodishwa kwa saa, mafuta yamelipiwa, opareta ana mshahara, mwenye kampuni yuko mjini. Kwa nini katika mnyororo wote huo wa watu wanaolipwa, anayechimba kwa koleo ndiye peke yake aambiwe habari za moyo wa kujitolea? Baba yangu alikuwa fundi wa mashua Mocímboa da Praia. Siku ya kushua chombo kipya watu wote walivuta, na mwenye chombo alipika. Mvuvi akirudi, waliomsaidia kupandisha mashua waliondoka na kitoweo. Hakuna aliyesema hao wana tamaa. Wazee wanaposema zamani watu walisaidiana bure, wanaikumbuka kamba na kuisahau sufuria.

Tena kuna kumbukumbu nyingine ambayo wageni wetu pengine hawaijui. Kanuni ya kazi ya Wareno ya mwaka 1899 iliandika kwamba wenyeji wa makoloni wana wajibu wa kimaadili na wa kisheria wa kujitafutia maisha kwa kufanya kazi, na asiyetimiza aliweza kulazimishwa. Wa kimaadili, someni vizuri. Huku kaskazini ilikuwa nchi ya Companhia do Niassa mpaka 1929, na kazi ya kulazimishwa, chibalo, iliendelea hata kampuni ilipokwisha, mpaka miaka ya 1960. Watu walilima barabara wakiambiwa ni kwa faida yao. Mjukuu wa watu hao akisimama mbele ya mashine ya mtu mwingine na kuuliza bei, mimi sioni kwamba ameharibiwa na posho. Naona ameuliza kitu ambacho babu yake hakuruhusiwa kuuliza.

Limebaki bwawa, na hapa msimamizi ana hoja. Mwenye jaruba chini ya bwawa akidai ujira kwa kulisafisha, na mimi nitamshangaa. Lakini "lenu" ni la nani? Baadhi ya vijana wale ni sisi tunaoitwa deslocados. Hawana jaruba pale, hawajui kama mwakani watakuwa bado hapa. Mradi ukiandika ripoti, mwenyeji na mhamiaji wana mistari miwili tofauti. Likija suala la koleo, wote wanakuwa "nyinyi". Ningekuwa mimi, ningesema wenye majaruba wachimbe mfereji bila malipo, kwani ni wa bwawa lao, na kila anayegusa minyororo alipwe na mwenye minyororo. Nakubali kwamba tope lenyewe halikugawanyika hivyo. Mfereji uleule uliokausha bwawa ndio uliolegeza mashine.

Mwishowe kampuni ilikubali. Majina ya vijana yaliandikwa, jioni mashine ikatoka, wakalipwa. Hapo ningefurahi, kama si jambo moja ambalo kwangu ndilo lililokuwa dhuluma ya siku ile.

Magogo peke yake yalikuwa yanazama. Kilichoyashika ni makuti, na makuti yaliletwa na kina mama, mizigo kwa mizigo kichwani, tangu adhuhuri. Majina yao hayakuandikwa kwa sababu hawakuuliza. Kwenye hotuba walisifiwa sana. Msimamizi alisema hao ndio mfano wa kuigwa, akawatazama vijana. Yaani aliyeuliza alipata pesa na lawama, asiyeuliza akapata makofi.

Wiki iliyofuata nilimwendea mama mmoja kati yao, ana majaruba mawili chini ya bwawa. Nikamwuliza, mama, mbona hamkudai?

"Ningemdai nani, mwanangu?" akasema. "Maji si nitayatumia mwenyewe?"

Nikanyamaza. Aliendelea kupepeta, kisha akanyoosha ungo kuelekea nyumba yake, ambayo upande wa jikoni ulikuwa umefunikwa na turubai la msaada.

"Ila yale makuti yalikuwa ya paa."