UZIO UMEANGUKA, MPAKA HAUKUANGUKA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, anayeutuma upepo na kuiteremsha mvua kwa kipimo akitakacho. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu Waislamu, naiusia nafsi yangu na nawausia ninyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi huliona ni la fundi seremala tu, wala si la msikitini: kusimamisha upya uzio wa nyuma ya nyumba ulioangushwa na dhoruba.

Sisi watu wa Uvira tunaishi kati ya milima na ziwa. Maji ya mlimani hushuka kwa nguvu katika Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira, na upepo wa ziwani hutufikia bila kizuizi. Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda na kuingia katika nyumba za ufukweni, kwetu hapa na Kalemie, na ng'ambo Bujumbura. Misiba hiyo kila mtu anaikumbuka. Lakini kila msimu wa mvua ipo pia hasara ndogo isiyotajwa. Nguzo za miti zilizoliwa na mchwa kwa chini huvunjika usiku mmoja, mbao na matete hulala matopeni, na asubuhi lupango wako na wa jirani vimekuwa uwanja mmoja.

Hapo, ndugu yangu, ndipo mtihani unapoanza. Fundi amekuja na sururu yake, anakuuliza: "Nguzo ya kwanza nichimbe wapi?" Kabla hujajibu, Shetani amekwisha kujibu: "Sogeza kidogo, hatua moja tu. Mvua imefuta alama, nani atajua?" Na hukutia tamaa zaidi jirani akiwa ni mama mjane, au watoto yatima, au mtu aliyekimbia vita. Desemba 2025 watu wengi wa mji huu walivuka mpaka kwenda Burundi wakiwa na vifurushi kichwani. Mtu aliyeacha kiwanja chake akikimbiza roho yake hakukupa ruhusa ya kukipunguza. Kiwanja hicho ni amana mbele ya macho yako.

Uzio umeanguka, lakini mpaka haukuanguka. Dhoruba huchukua mbao, haichukui haki ya mtu.

Mtume (s.a.w.) ametuonya, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kuchukua ardhi kwa dhuluma, hata kiasi cha shubiri, atavishwa shingoni Siku ya Kiyama ardhi hiyo mpaka tabaka ya saba. Shubiri ni upana wa kiganja kilichonyooshwa vidole. Pima sasa hatua yako moja ina shubiri ngapi! Na katika Sahihi Muslim imepokewa kwa Seyyidna Ali (r.a.) kwamba Mwenyezi Mungu amemlaani mwenye kubadilisha alama za ardhi.

Sikilizeni kisa cha Said bin Zayd (r.a.), mmoja wa masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Mwanamke mmoja, Arwa bint Uways, alimshtaki kwa Marwan bin Hakam, akidai kwamba Said amechukua sehemu ya ardhi yake. Said akashangaa: vipi afanye hivyo naye alimsikia Mtume kwa masikio yake juu ya ile shubiri? Akamwachia ardhi aliyoidai, akamwomba Mwenyezi Mungu kwamba ikiwa ni mwongo basi apofuke na afie katika ardhi yake. Yule mwanamke akapofuka, na siku moja akitembea katika ardhi ile ile akatumbukia shimoni akafa. Ardhi aliyoipata kwa uongo ikawa kaburi lake.

Tazameni pia mfano mwema katika Suratul Kahf. Nabii Musa (a.s.) na Khidhri walifika mji ambao watu wake walikataa kuwakaribisha hata kwa chakula. Humo wakakuta ukuta unaotaka kuanguka, na Khidhri akausimamisha bila ya malipo. Baadaye akaeleza sababu: ukuta ulikuwa wa mayatima wawili, chini yake mna hazina yao, na baba yao alikuwa mtu mwema. Ndugu, ukuta ule ulisimamishwa ili haki ya wasio na nguvu ilindwe mpaka wakue. Basi mtaani kwako, je, uzio wa mjane umelala tangu lini? Nguzo tatu na nusu siku ya vijana wawili kwako ni kitu kidogo. Kwake ni usalama wa binti zake na kuku wake.

Sasa tuje kwenye matendo.

Kwanza, usichimbe peke yako. Mwite jirani umwambie: "Mzee, njoo tutazame pamoja mpaka wetu kabla fundi hajaanza." Tafuteni visiki vya nguzo za zamani na mawe ya mpaka, mkiwa na mzee anayeujua mtaa au shefu wa kartie. Jirani akiwa hayupo, tafuta ndugu yake. Mkitilia shaka, rudi nyuma upande wako. Kukosa shubiri ya dunia ni salama kuliko kuibeba Akhera.

Pili, msile njia. Mtume (s.a.w.) ameelekeza kwamba watu wakigombana juu ya upana wa njia, iachwe dhiraa saba. Uchochoro ambao jeneza haliwezi kupita umebanwa na nani kama si sisi? Wala usizibe mfereji, kwa maana maji uliyoyazuia yatalala chumbani mwa mwenzio.

Tatu, sitirini. Uzio ni sitara ya wake na watoto, na Suratun Nur imetufundisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu. Ua ukiwa wazi, inamisha macho na uwakataze watoto kukatiza.

Nne, mrahisishiane. Abu Huraira (r.a.) amepokea katazo la Mtume kwamba jirani asimzuie mwenzake kuchomeka boriti katika ukuta wake. Ikiwa ukuta unaruhusiwa kubeba boriti ya jirani, vipi mgombane kwa msumari katika nguzo ya pamoja?

Tano, fanyeni kazi vizuri. Chimba shimo la kutosha, acha nafasi kati ya mbao upepo upite. Na fundi alipwe kabla jasho lake halijakauka.

Sheria ya nchi yetu ya 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Dola, nasi tumepewa kuitumia tu. Muumini anajua zaidi ya hapo: mwenye ardhi wa kweli ni Mwenyezi Mungu, naye atatuuliza juu ya kila nguzo tuliyosimika.

Ewe Mola wetu, tukinge na dhoruba ya angani na dhoruba ya tamaa. Warehemu waliokufa kwa maji na kwa vita, warudishe waliokimbia majumbani mwao, na wavikute viwanja vyao kama walivyoviacha. Utujaalie tuwe majirani wanaoaminika. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakaatuh.