Nani Amemwona Mgonjwa?

Asafiriye kutoka Kasese kwenda Bwera hupita Muhokya, na akiwa mzima safari huwa fupi. Kwa mama mjamzito atokwaye damu, barabara ile ile ni ndefu mno. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020 na kuiharibu hospitali ya Kilembe, kwa wengi ilizidi kurefuka. Kwa hiyo hatuwadharau wasemao kwamba afadhali picha isafiri, mgonjwa abaki.

Jambo hili si ndoto. Mwaka 2010 kituo cha afya cha Nawanyago, wilayani Kamuli, kilianza kuwapima wajawazito kwa ultrasaundi, na picha zikapelekwa kwa intaneti zisomwe na mabingwa walio mbali. Mwaka 2011 Marekani iliruhusu programu ya kusomea picha za ndani ya mwili kwenye kishikwambi (chombo ambacho walimu wenzetu wa Tanzania waligawiwa baada ya sensa ya 2022). Ruhusa ile ilikuwa na sharti: kitumike pale tu ambapo mtambo kamili haupatikani. Tena programu yenyewe humjaribu msomaji kama mwanga wa mahali alipo wamwezesha kuona sawasawa.

Lakini je, aliyeisoma picha amemwona mgonjwa?

Tuseme mama wa Muhokya ana mimba ya miezi mitano. Bingwa aliyeko Kampala aandika kwa Kiingereza kwamba kondo la nyuma liko chini kwa sasa, karibu na mlango wa kizazi, naye apimwe tena mimba ikikua. Neno zito hapo ni "kwa sasa", maana kondo lionekanalo chini mapema aghalabu huwa limepanda kabla ya uchungu. Mkunga amechoka na foleni ni ndefu, amwambia mama kwa Kikonzo, au kwa Kiswahili ikiwa ametoka ng'ambo ya mpaka wa Kongo: "Kondo limeziba njia." Mama aondoka na hofu ya kisu, pengine asirudi kabisa. Mkunga mwingine asema: "Litapanda lenyewe." Mama hapimwi tena, kondo halipandi, na damu yaja usiku.

Wako watakaomlaumu mkunga peke yake. Sisi hatukubali. Bingwa aandikaye kana kwamba maneno yake hayatapita kinywani mwa mtu ana sehemu yake ya lawama. Kubwa zaidi ni ya waliopanga kazi wakamfanya mkunga tarishi, achukue barua asiyoruhusiwa kuijibu. Mikono yake ndiyo iliyoligusa tumbo lile. Akiona lisiloafikiana na taarifa, sharti awe na haki ya kumpigia bingwa simu na kumwuliza, wala asihesabiwe mjuaji.

Nasi walimu wa lugha tusijitoe. Twawafundisha wanafunzi kutafsiri nomino: ini, figo, kondo. Ni mara ngapi tumewapa zoezi la kutafsiri shaka, yaani "huenda", "yaelekea", "kwa sasa", na kumkata alama aliyeliacha neno moja tu njiani?